Masika Bila Marahaba

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na Emilian, kijana wa chuo kikuu aliyekuja shuleni kwetu hapa Marangu kutafiti jinsi watu wanavyozungumza darasani: nani anaongea, nani ananyamaza, nani anamkatiza nani. Atakaa muhula mzima. Kila mwalimu anayetafitiwa ameombwa aandike shajara. "Chochote kile, Mwalimu, hata hali ya hewa."

Basi hali ya hewa ni kwamba masika yameanza. Kipindi cha tatu mvua imelipiga bati la Kidato cha Nne kama magunia ya mahindi yanayomwagwa, nami nimefundisha hivyo hivyo, juu ya mvua, kama ninavyofanya kila mwaka. Walimu wenzangu mvua ikizidi hukaa wakasubiri ipite. Mimi sisubiri. Wanafunzi wananiita Redio na wanadhani sijui.

Emilian alikaa dawati la nyuma na kinasa sauti chake. Ni mtoto wa kule chini kwenye mashamba ya miwa, wazazi wake walihama Kigoma kufuata kazi ya kiwandani. Ana adabu, ila ana tabia ya kuandika wakati mtu bado anaongea. Nimemwambia kabisa kwamba kurasa atakazozipata ni zile nitakazotaka mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekasirika, na ninaandika kabla hasira haijapoa.

Baada ya kipindi Emilian ameomba ruhusa ya kuniambia jambo. Amekaa ukingoni mwa kiti, mikono ameiweka magotini, akaniambia kwamba nikiuliza swali ninalijibu mwenyewe. Nikamwambia ninalijibu kwa sababu wao hawajibu.

"Hawajibu, Mwalimu, au hawajapata nafasi?"

Akasema amesikiliza alichorekodi, na kati ya swali langu na jibu langu mtu hawezi hata kumaliza kumeza mate. Nilianza kufundisha Kiswahili yeye hajazaliwa. Nimemwambia hivyo, na mengine kadhaa. Akaandika.

Nyumbani nimemsimulia mume wangu. Baba Justina ni kiongozi wa wapanda mlima, na masika wageni wakipungua anashinda kihambani, shamba letu la nyumbani, akipunguza majani ya migomba na kushona viatu vyake vya safari. Amenisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mm." Nikamuuliza mm ndiyo nini. Sasa ninapoandika nakumbuka kwamba sikungoja anijibu, nilihamia kwenye habari ya bei ya pumba. Ukurasa huu Emilian haupati.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Koo linakwaruza. Tangawizi na asali.

Jumatano, 13 Machi

Leo nilikuwa naeleza fasihi simulizi, mvua juu ya bati, nikapandisha sauti ili nimfikie Jesse kule nyuma. Nikafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Nikajaribu tena, hewa. Loveness, binti anayecheka kabla ya wote, alidhani ninaigiza, akacheka. Halafu akaniona uso, akaacha.

Ijumaa, 15 Machi

Tumetoka hospitali Moshi. Baba Justina ndiye aliyenisemea, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nimemsikia akisema sentensi nyingi zinazofuatana. Daktari wa koo ameingiza mrija wenye taa, ametuonyesha kwenye kioo: kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akauliza kazi yangu. Baba Justina akasema mwalimu. Akauliza miaka mingapi. Baba Justina akasema, "Ya kushindana na mvua, yote."

Hukumu ni kunyamaza. Si kunong'ona, maana kunong'ona kunaumiza zaidi. Ni kufunga mdomo kabisa mpaka atakaponiona tena mwishoni mwa Aprili. Vinundu visipopungua nitapasuliwa, na akipasua hawezi kuahidi kwamba nitabaki na sauti ya kusimamia darasa. Alisema hayo akiandika, bila kuinua macho. Nadhani ni huruma.

Kwa Mkuu wa Shule, Mama Margareta, nimekwenda na kibao kidogo cha chaki cha Justina wangu cha utotoni. Nimemwandikia kwamba naweza kufundisha bila kuongea, asinipe likizo, asiwape wengine Kidato cha Nne changu. Hawa nimewachukua tangu Kidato cha Kwanza. Mwakani mwezi wa sita nastaafu, kwa hiyo ndio wa mwisho nitakaowafikisha. Alisoma, akasema, "Mwalimu Elinipendo, tutaona." Nawajua wakubwa. Tutaona ni hapana iliyovaa koti.

Jumatatu, 18 Machi

Kuna jambo ambalo sikulifikiria kabisa.

Vipindi vingine wanafunzi wetu huwaamkia walimu kwa Kiingereza. Changu ndicho wanachosimama na kusema kwa pamoja, "Shikamoo, Mwalimu." Nami naitika marahaba, ndipo wanakaa. Haijapata kutokea wakakaa kabla.

Leo wamesimama, wameniamkia, nami nimesimama pale nikiwa na neno moja nililokatazwa. Nikatikisa kichwa kuitikia. Hawakukaa. Nikatabasamu. Hawakukaa. Wanajua ninaumwa, Mkuu alishawaeleza mstarini, lakini kukaa kabla hujaitikiwa si jambo ambalo kichwa kinaiambia miguu, miguu yenyewe inakataa. Walisimama wananitazama, na wengine wakaanza kutazamana. Nikaandika ubaoni MARAHABA. Wakaisoma. Loveness akakaa nusu, akaona wenzake wamesimama, akainuka tena.

Mwishowe nikainua mkono wa kulia juu kabisa, nikaushusha polepole kana kwamba ninamlaza mtoto. Wakakaa, wote kwa mpigo. Emilian kule nyuma hakuandika kitu, alikuwa amesimama pamoja nao.

Jumanne, 19 Machi

Mkono umefanya kazi tena. Mvua.

Jumatano, 20 Machi

Nilimwogopa Mama. Bibi Aikaeli, mama mkwe wangu, anaishi nyumba ya mbele kihambani kwetu. Hajui kusoma, kwa hiyo kibao hakina faida kwake, na masikio yake yamechoka siku nyingi. Tangu hospitali nilikuwa namtuma Baba Justina ampelekee mtori wake wa ndizi. Leo mume wangu alikuwa kwenye mkutano wa waongozaji, ikabidi niende mwenyewe.

Nikaingia, nikainama kama kawaida, mkono nimeutanguliza, midomo ikasema shikamoo bila sauti. "Marahaba, mwanangu," akasema, na akaendelea moja kwa moja na habari ya kuku aliyetagia kwa jirani. Akaniuliza jambo, nikatikisa kichwa, akacheka, akasema hata yeye alidhani hivyo hivyo. Tumeongea mpaka mtori ukapoa.

Njiani kurudi ndipo nikaelewa. Hajagundua kitu. Miaka yote hii mimi ninapaza sauti mlangoni pake mpaka mbwa wa jirani wanabweka, naye alikuwa anaangalia nilivyoinama.

Ijumaa, 22 Machi

Nimewagawa makundi, kwa sababu mwalimu asiye na sauti hana la kufanya zaidi ya hilo. Kazi yao ni kuleta hadithi kutoka nyumbani na kueleza nani husimulia, wakati gani, na wasikilizaji hufanya nini. Ninafundisha fasihi simulizi nikiwa bubu. Baba Justina amecheka mpaka ameshika ubavu.

Kelele nyingi, kazi kidogo. Loveness ameongea kwa niaba ya kundi zima. Nilijiona mwenyewe nikiwa na umri wake, nikampenda na kutaka kumziba mdomo kwa wakati mmoja.

Jumatatu, 25 Machi

Emilian amekuja ofisini kwa walimu akiwa mnyonge. Msimamizi wake chuoni amempigia simu na kumwambia atafute mwalimu mwingine, kwa sababu utafiti unataka mwalimu anayefundisha kama kawaida, na mimi si kawaida tena. Nikamwandikia: *Nenda.* Akasoma, akasema hataki kwenda, atazungumza naye tena. Halafu akatoa simu yake.

"Mwalimu, nina vipindi vyako vya wiki ya kwanza. Nimekuletea, kama... nimekuletea tu."

Hakumaliza, na nikashukuru kwamba hakumaliza. Kama sauti haitarudi, ndicho alichotaka kusema.

Jioni tumesikiliza, mimi na Baba Justina, tumekaa jikoni karibu na moto. Jamani, yule mama anaongea. Anauliza swali na kulijibu, analisifu jibu lake, anauliza jingine. Niliona aibu ya kucheka. Katikati ya maneno yangu nikasikia kitu chembamba. Nikarudisha nyuma. Ni mvulana anasema, "Mimi naona..." halafu Redio inampita juu na hasikiki tena. Ni Jesse. Nimekuwa naye mwaka wa nne, na kama ungeniuliza ningeapa kwamba hajawahi kuinua mdomo.

Nikataka kuizima, lakini Baba Justina akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Hiyo ndiyo niliyoisikia kwanza. Ulikuwa unasoma somo kanisani, mimi niko nje na wavivu wenzangu. Uso wako nilikuja kuuona baadaye."

Nimelia, na hata kulia nimelia bila sauti.

Jumatano, 27 Machi

Emilian anabaki. Msimamizi amekubali, shingo upande.

Leo nimeuliza swali kwa kuliandika ubaoni, kisha nikaenda kusimama karibu na dawati la Jesse nikatazama dirishani, kwenye migomba. Kimya kile kilinitesa. Nilihisi jibu limenipanda mpaka kwenye meno. Loveness alifungua mdomo, nikamwinulia kidole, akafunga. Mvua ilikuwa ndogo. Nikaendelea kutazama migomba.

Kisha nyuma yangu, "Mimi naona..." Na safari hii akafika mwisho. Alisema nyumbani kwao hadithi husimuliwa na yule aliyenyamaza siku nzima, kwa sababu ndiye pekee ambaye hajachosha watu. Darasa likacheka, naye akacheka. Sijui kama alinisema mimi.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Kanisa limejaa mpaka nje. Mimi na nyimbo zangu zote kifuani. Kutoka pale mlangoni nimewapungia watu mkono, na wasiojua habari zangu wameondoka wakisema Mwalimu Elinipendo siku hizi anaringa. Nimeelezwa na watatu, wote kwa wema.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo nitaandika mengi, maana leo ndiyo ningehitaji sauti kuliko siku zote.

Asubuhi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Nikaona watu wawili wanashuka njia ya kihambani chini ya mwavuli mmoja: Mzee Filemon, mzee wetu wa kanisa, na Mwalimu Godlove, mwalimu wa taaluma pale shuleni. Godlove anafundisha Hesabu chumba cha jirani na changu, na Loveness ni binti yake. Mkononi Godlove ameshika jani la isale.

Nilisimama na panga langu sijui niliweke wapi. Kwetu mtu haji na isale kuomba chumvi. Akikuletea jani lile amekukosea na anajua, na wewe ukiletewa huwezi kulikataa. Lakini Godlove amenikosea nini? Nilikuwa sina habari.

Tukaingia ndani. Bibi Aikaeli alikuwapo, ameota moto. Mzee Filemon akaanza kwa sala, kisha akampa nafasi Godlove. Godlove hakuniangalia.

"Mwalimu, najua umeshajua. Wote shuleni unawaandikia kwenye kibao chako, mimi hujaniandikia hata neno. Siku ya kufunga shule kwa Pasaka nilikuamkia pale barazani ukanipita kama nguzo. Nikasema, haki yake."

Siku ya kufunga shule mvua ilikuwa inamwagika na mimi nimejifunika khanga mpaka machoni. Sikumwona. Na kibao changu hakijamwandikia kwa sababu hajaniuliza kitu. Nilitaka kumwambia hayo yote papo hapo, lakini yeye alikuwa ameshaanza kuteremka na hawezi kusimama. Akasema ni yeye aliyekwenda kwa Mkuu kuomba Kidato cha Nne kipewe mwalimu mwingine. Mkuu amemjibu asubiri mpaka mwisho wa Aprili, darasa likionekana limelala basi litahamishwa.

"Loveness ana mtihani wa Taifa mwaka huu, Mwalimu. Ndiye pekee niliye naye. Niliogopa."

Kama ningekuwa na sauti, ningesema. Ninajua kabisa maneno gani, yalikuwa yamejipanga. Ningemwambia kwamba mtoto wake alikuja kwangu Kidato cha Kwanza hawezi kuandika barua ya kuomba ruhusa. Ningemwambia ni mwoga na mchimbaji wa wenzake, na kwamba aliyafanya hayo wakati mimi ni mgonjwa. Ningeyasema mbele ya Mzee Filemon, na yangebaki pale kwenye kihamba miaka yote, wajukuu wangeyakuta. Nikachukua kibao na chaki ili niyaandike. Chaki ni ndogo, kibao ni kidogo. Neno la kwanza lililotosha lilikuwa jina lake, na baada ya kuandika Godlove nikasimama hapo hapo.

Yeye akalisoma jina lake, akangoja.

Bibi Aikaeli hakuwa amesikia hata moja. Lakini jani aliliona. Akainuka, akashika ukuta, akaenda kwenye chungu akaanza kupakua kiburu, ndizi na maharage, kwenye sahani, moja ya Godlove, moja yangu, akaziweka karibu karibu. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha, kilichobaki ni kula kabla ndizi hazijapoa.

Nimelipokea jani kwa mikono miwili. Tumekula. Godlove amekula huku machozi yanamtoka, na kiburu cha Mama hakina pilipili.

Jumapili, 7 Aprili

Jani nimelipokea. Moyo bado uko njiani.

Jumatatu, 8 Aprili

Shule imefunguliwa. Nilipita barazani, nikaona Godlove anaangalia chini. Nikaandika kibaoni: *Sikukuona siku ile. Mvua.* Nikamwonyesha. Alisoma mara mbili, akashika kichwa. Alielewa kwamba asingekuja nisingejua kamwe. Kisha tukacheka, yeye kwa sauti na mimi kwa mabega, na moyo ukasogea hatua kidogo.

Lakini mwisho wa Aprili uko pale pale.

Ijumaa, 12 Aprili

Ng'ombe ana kwato mbaya. Mvua usiku na mchana. Mlima hatujauona tangu mwezi uliopita.

Alhamisi, 18 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianze na bati.

Baada ya mapumziko mvua ilikuja ya hasira, ile inayofanya baraza ligeuke mto. Shule nzima ikasimama. Nilipopita kuja darasani niliona Kidato cha Tatu wamelaza vichwa, na Godlove amekaa mezani kwake mbele yao na chaki mkononi akingoja, mlango wazi. Hana la kufanya, hata angepiga kelele za mwisho wa dunia wasingemsikia.

Kwangu hakuna anayehitaji kumsikia mtu. Kwa wiki hizi tumejizoesha. Nilikuwa nimewapa karatasi kubwa, migongo ya kalenda za zamani, na swali ubaoni: hadithi moja ikikumbukwa tofauti na watu wawili wa nyumba moja, nani ana haki? Kila kundi liliandika hoja yake, likaipeleka kwa kundi la pili, likajibiwa kwa maandishi, likajibu tena. Karatasi zilikuwa zinakimbia chumba kizima. Loveness aliandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Jesse alijaza ukurasa, akaomba mwingine kwa kidole. Walikuwa wanagombana hasa, na husikii kitu isipokuwa mvua.

Mama Margareta alikuwa anapita madarasani na mwavuli wake, viatu vimelowa. Akasimama mlangoni. Akafungua mdomo akasema kitu. Hakuna aliyegeuka. Akasema tena, naona midomo yake, naona na mshipa wa shingo. Loveness ndiye aliyemwona. Alisimama, akamwamkia kwa kuinama, akamsogezea kiti, akampa karatasi na kalamu.

Mkuu alitazama karatasi. Nikasema moyoni, basi, leo ndiyo leo. Akakaa, akasoma kilichoandikwa, akasoma cha pili. Kisha akakunja mkono wa sweta lililolowa, akaanza kuandika. Kundi la Jesse lilimjibu. Akakunja uso, akawajibu. Aliandika mpaka kengele, na kengele yenyewe hatukuisikia.

Nilipogeuka mlangoni nikaona Godlove. Sijui alikuwapo tangu lini. Alikuwa anamtazama binti yake.

Ijumaa, 19 Aprili

Mkuu ameniita. Amesema Kidato cha Nne kitabaki kwangu mpaka mtihani wa Taifa, na kwamba Godlove mwenyewe ndiye aliyemwahi mlangoni asubuhi kulisema. Kisha akaniuliza kama lile kundi la Jesse wameshajibu hoja yake ya mwisho.

Jumatatu, 29 Aprili

Hospitali. Vinundu vimepungua, havijaisha. Kimya tena mpaka mwishoni mwa Mei. Hakuna kupasua kwanza. Baba Justina alimshukuru daktari kwa hotuba, nikamvuta koti.

Jumatano, 8 Mei

Mtihani wa majaribio wa mkoa. Wameandika. Nimesali.

Alhamisi, 16 Mei

Nimeota naimba.

Jumatatu, 20 Mei

Asubuhi mawingu yamefunguka na Kibo kimetokea cheupe mpaka mabegani. Wanafunzi wamesimama barazani wakiangalia kana kwamba ni mgeni. Masika yanaaga.

Jumatatu, 27 Mei

Daktari amesema nijaribu. Nimesema, "Asante," na aliyeitamka simjui. Ni sauti ya chini, ina mikwaruzo. Daktari akasema vinundu vimekwisha, lakini ile ya zamani nisiitegemee. Hii haitashinda mvua, na nikiilazimisha nitarudi kwake. Nitaitumia kidogo kidogo, kwa watu walio karibu.

Kwenye gari Baba Justina alikuwa anaendesha kimya. Nilimwogopa. Nikamuuliza, kwa sauti ile mpya, kama atamzoea mke huyu. Halafu nikangoja. Nilingoja mpaka tukapita Himo.

"Huyu," akasema, "nitalazimika kukaa naye karibu."

Jumanne, 28 Mei

Nimemwamkia Mama kwa sauti. "Marahaba, mwanangu," akasema, na akaendelea na habari za kuku.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya kufunga muhula. Emilian anaondoka kesho, na nimeamua kumpa daftari lote, pamoja na ukurasa wa tarehe saba Machi. Amekaa nasi masika yote, amekula kiburu cha Mama, na daftari hili ndilo jibu nililo nalo kwa swali lake la siku ile.

Nimewaficha Kidato cha Nne sauti yangu wiki nzima. Nilitaka neno la kwanza wanalolisikia liwe lile walilonidai tangu Machi. Leo nimefika mlangoni, wakawa hawajaniona, wanabishana kuhusu jambo, Jesse anaongea na Loveness anamsubiri amalize. Nilisimama nikisikiliza. Jua lilikuwa kwenye bati, hakuna tone.

Wakaniona. Madawati yakalia, wakasimama wote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," nikasema.

Ilitoka ndogo, ya mikwaruzo, na kwa sababu chumba kilikuwa kimya ilifika mpaka dawati la nyuma. Emilian akaweka kalamu chini. Hakuna aliyekaa. Walisimama wananitazama, wengine midomo wazi, na mimi nikawatazama, nikidhani labda hawakusikia, au imewatisha. Nikarudia. Bado wamesimama.

Ndipo Jesse akasema, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mama yake mwavuli:

"Mwalimu, mkono."

Nikauinua juu kabisa, nikaushusha polepole, wakakaa.